Mashina ya zamani ya okidi: kuyaacha, kuyapunguza, kuyagawa au kuyaoteshea miche

Mtu anayetunza okidi aina ya dendrobiamu barazani kwake hufikia siku akasimama mbele ya chungu, mkasi mkononi, asijue akate wapi. Upande mmoja limechomoza chipukizi jipya lenye majani mabichi yanayong'aa, na upande wa pili yamesimama mashina matatu au manne yasiyo na jani hata moja, yenye mikunjo ya wima, yamevikwa maganda meupe makavu mithili ya ganda la kitunguu. Je, ayakate kwa kuwa yamemaliza kazi, au ayaache kwa kuwa mmea bado unayahitaji? Na kama ni kuyakata, ayatupe au ayaoteshe?

Swali hili ninalichukulia kwa uzito kwa sababu niliwahi kulijibu vibaya. Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu, mama mtu mzima ambaye bustani yake haikosi maua mwaka mzima, alipita barazani akaniambia, "Mwanangu, viondoe vijiti hivyo vikavu, vinaunyonya mmea bure." Nilikata mashina matano kwa asubuhi moja, nikabakiza mawili. Nilipolitazama shina la mwisho pale lilipokatika, niliona nyama yake ni ya kijani kibichi inayoelekea weupe katikati, imejaa maji kama pingili ya muwa uliokatwa sasa hivi, na tone likavimba taratibu kwenye jeraha hadi likateleza kidoleni. Vijiti vile havikuwa vikavu. Chipukizi la msimu uliofuata lilikoma likiwa na kimo cha kalamu, ilhali mashina yaliyolitangulia yalikuwa yakifika urefu wa mkono kutoka kiwikoni hadi ncha ya vidole, na ilipita misimu miwili kabla chungu kile hakijatoa ua tena.

Ulinganisho huu unahusu okidi zenye mashina marefu yanayotoka kwa zamu kwenye shina la chini linalotambaa, ambapo kila msimu shina jipya huzaliwa mbele na lililotangulia hubaki nyuma. Dendrobiamu, ambazo asili yake ni Asia, visiwa vya Pasifiki na Australia, ndizo zinazojulikana zaidi za namna hiyo. Kwetu Afrika tunayo Ansellia africana, okidi yenye maua ya manjano na madoa ya kahawia kama ngozi ya chui, inayoota juu ya miti kuanzia misitu na nyika za Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini. Msomaji mwenye falenopsisi, ile okidi yenye majani mapana yaliyolala na isiyo na mashina marefu, asiyatumie maelezo haya, kwa maana mmea ule hukua kwa kilele kimoja tu, na ukikikata umeukata wenyewe.

Vigezo vya kulinganishia

Nimetumia vigezo vitano, na cha kwanza ndicho ninachokipa uzito mkubwa kuliko vyote: akiba. Shina la okidi ya namna hii ni ghala. Ndani yake mmea huweka maji, wanga, na virutubisho kama naitrojeni, fosforasi na potasiamu, ambavyo vinaweza kuhamishwa kutoka shina kongwe kwenda changa. Chipukizi jipya huanza maisha likiwa halina mizizi yake. Kwa wiki nyingi za mwanzo linakula kutoka kwa kaka zake wakubwa. Ndiyo maana mashina ya nyuma hukunjamana wakati chipukizi linarefuka. Hayafi, yanatoa.

Kigezo cha pili ni maua, na hapa aina ya okidi huamua mengi. Dendrobiamu zinazotokana na Dendrobium bigibbum, ya kaskazini mwa Australia na kisiwa cha Nyugini, huweza kutoa kikonyo cha maua kutoka sehemu ya juu ya shina lile lile kwa misimu kadhaa, hata baada ya shina hilo kupukutisha majani yote. Dendrobiamu zinazotokana na Dendrobium nobile, ambazo asili yake ni miteremko ya Himalaya na nchi za jirani, hutoa maua kwenye macho yaliyo kandokando ya shina la mwaka uliopita, na jicho lililokwisha kuchanua kwa kawaida halichanui tena. Kwa hiyo shina kongwe la kundi la kwanza ni ghala na pia ni mti wa maua, ilhali la kundi la pili hubaki ghala peke yake, isipokuwa lina macho ambayo bado hayajafunguka.

Kigezo cha tatu ni afya, yaani hatari ya kuoza, ya wadudu, na ya virusi vinavyobebwa na chombo cha kukatia. Cha nne ni nafasi na mwonekano, jambo ambalo wakulima wakongwe hulidharau, lakini mtu mwenye baraza la mita mbili ana haki ya kulijali. Cha tano ni kazi: muda, ujuzi na subira ambavyo njia hiyo inadai.

Soma shina kabla ya kuchagua

Kabla ya kulinganisha njia, ni lazima shina lenyewe lisomwe, kwa kuwa njia nzuri kwa shina hai ni njia mbaya kwa shina linalooza. Libonyeze kwa kidole gumba na cha shahada kuanzia chini hadi juu. Shina gumu, la kijani au la manjano ya kijani, hata kama halina jani, liko hai na linafanya kazi. Shina lenye mikunjo lakini bado linakataa kubonyea nalo liko hai. Akiba yake imepungua tu. Hata hivyo, ukiona shina jipya kuliko yote nalo limekunjamana, tatizo halipo kwenye mashina bali chini kwenye mizizi, na mkasi hautakusaidia. Utoe mmea kwenye chungu uikague mizizi kwanza.

Shina lililokufa kwa uzee ni jepesi, la kahawia, na likibonyezwa hutoa sauti ya kitu kikavu kilicho kitupu ndani. Halina madhara makubwa, lakini pia halina faida. Shina linalooza ni jambo jingine kabisa: linabonyea kama ndizi iliyopitiliza, rangi yake ni ya kahawia iliyolowa au nyeusi, na mara nyingi lina harufu. Hilo halingoji mjadala, liondolewe siku hiyo hiyo, na mkato ushuke hadi kwenye nyama safi. Ukikata ukakuta pete ya rangi ya zambarau ndani ya shina la chini, fahamu kwamba huenda ni kuvu wa fusari, na uendelee kukata hadi pete ipotee, kwa kusafisha wembe kila unapokata upya.

Ukishindwa kuamua, banua ganda jeupe la nje kwa ukucha mahali padogo. Chini yake, shina hai huonyesha kijani hata kama kimepauka. Kando ya pingili ya chini kabisa, karibu na mizizi, tafuta pia kinundu kidogo kilichochongoka mithili ya ncha ya punje ya mchele: hilo ni jicho lililolala, na shina lenye jicho kama hilo bado linaweza kuzaa.

Njia ya kwanza: kuacha mashina yote hadi yafe yenyewe

Katika njia hii mkasi hugusa mashina yaliyokufa au yaliyooza tu, na kila shina hai, liwe na majani au lisiwe nayo, huachwa lilipo. Kwa upande wa akiba hakuna njia inayoishinda. Mmea wenye mashina kumi hai huvumilia mwenye nyumba akisafiri wiki mbili, huvumilia kiangazi kirefu, na hutoa chipukizi nene. Kwa maua pia ina faida ya wazi katika kundi la bigibbum, kwa sababu mashina matatu au manne ya umri tofauti yanaweza kuchanua kwa pamoja, na chungu kikawa na vikonyo vingi badala ya kimoja. Kwa kundi la nobile, faida ya maua huja kwa njia ya mzunguko: mashina ya zamani hayachanui, ila hulisha lile litakalochanua.

Udhaifu wake uko kwenye kigezo cha tatu na cha nne. Maganda makavu yanayoshikilia shina kongwe ni maficho mazuri ya wadudu gamba, ambao hujibandika chini yake kama punje ndogo za nta na kufyonza utomvu bila kuonekana kwa miezi. Kwa mtu anayeifuata njia hii ninasisitiza kuyabanua maganda hayo yanapokuwa yamekauka kabisa na yanatoka kwa kuvutwa kidogo, usiyalazimishe yanayong'ang'ania. Kazi hiyo ya dakika kumi huondoa sehemu kubwa ya sababu inayowafanya watu wakate mashina mazima. Msongamano nao huzuia hewa, na katika masika ya pwani, ambapo kitu kinaweza kukaa kimelowa tangu asubuhi hadi jioni, hewa isiyopita katikati ya mashina hualika kuoza. Zaidi ya hapo, mmea mrefu kwenye chungu kidogo, na dendrobiamu hupenda chungu kidogo, huwa mzito juu. Upepo wa kusi ukivuma, chungu hulala chini. Suluhisho ni kukiweka ndani ya chungu kizito zaidi cha udongo na kuzungushia kokoto, bila kuhamisha mizizi.

Kwa kazi, ni njia nyepesi kuliko zote. Inamfaa anayeanza, mwenye mmea mdogo, mwenye mmea ulionunuliwa karibuni au uliotoka kuugua, na yeyote ambaye macho yake hayasumbuliwi na vijiti visivyo na majani. Haimfai sana mwenye nafasi finyu.

Njia ya pili: kupunguza na kubakisha idadi

Hapa mtunzaji hukubali kukata mashina hai yaliyo makongwe zaidi, akibakisha idadi anayoiona inatosha. Kanuni inayotumiwa na wakulima wengi ni kutopungua mashina matatu hadi matano hai, bila kulihesabu chipukizi ambalo halijakomaa. Anayesema "ninabakiza mawili mazuri" ajue kwamba anauondolea mmea ghala katika wakati ambao mtoto yuko njiani.

Kwa akiba, njia hii hupoteza kitu bila shaka, na hasara yake inategemea sana wakati wa kukata. Ukikata wakati chipukizi lina urefu wa kidole, umelinyima chakula siku linapokihitaji zaidi. Ukisubiri hadi lifikie nusu ya kimo chake na mizizi yake mipya, ile yenye ncha za kijani, iwe imeingia kwenye makumbi au mkaa uliojaza chungu, basi shina la nyuma litakuwa limekwisha kutoa sehemu kubwa ya lilichonacho, na hasara hupungua. Kata moja au mawili kwa msimu, ukianza na lililo mbali zaidi na chipukizi. Kwa maua, watunzaji wa kundi la nobile hawapotezi kitu ikiwa shina lililokatwa macho yake yote yamekwisha kuchanua, na makovu ya vikonyo kila pingili ndiyo ushahidi. Watunzaji wa kundi la bigibbum hupoteza vikonyo ambavyo vingekuja, na hapa ndipo watu wengi hujidhulumu bila kujua: kikonyo cha maua kikishakauka, wao hukata shina lote. Kinachotakiwa kukatwa ni kikonyo peke yake, juu kidogo ya mahali kilipotokea.

Kuna okidi moja ambayo njia hii huifaa waziwazi, nayo ni epidendramu yenye mashina membamba kama matete, inayopandwa kwenye bustani za nyanda za juu. Mashina yake ni membamba na hayana ghala la kutajika, hivyo lililokwisha kuchanua linaweza kukatwa chini bila mmea kutetereka, na mara nyingi machipukizi mapya hufuata.

Kwa afya, njia ya pili huleta hewa na mwanga katikati ya mmea, na huyaondoa maficho ya wadudu. Lakini kila mkato ni mlango. Kwa mwonekano na nafasi hupata alama nzuri, na kazi yake si kubwa ikiwa chombo ni safi. Ninaiona ikimfaa mwenye mmea uliokomaa wenye mashina saba au zaidi, anayeishi mahali penye unyevu mwingi, au mwenye sehemu finyu ambaye hataki chungu cha pili.

Wasomaji wanaolima vanila huko Kagera au Uganda huenda wakashangaa nikisita hivi, maana vanila nayo ni okidi, na wao hukata sehemu za shina linalotambaa zilizokwisha kuzaa baada ya mavuno ili mmea uchipue upya. Mantiki yao ni sahihi kwa zao lao. Shina la vanila hutambaa likiotesha mizizi kila pingili na halina ghala lililotengwa nyuma kama la dendrobiamu, kwa hiyo desturi hiyo isihamishwe kutoka shambani kwenda barazani.

Njia ya tatu: kuugawa mmea

Badala ya kuyakata mashina ya zamani na kuyatupa, mtunzaji hukata shina la chini linalotambaa na kuutenganisha mmea kuwa miwili, nusu ya mbele yenye machipukizi na nusu ya nyuma yenye mashina makongwe. Kila sehemu inahitaji angalau mashina matatu au manne hai na mizizi yake. Maana yake mmea wenye mashina chini ya manane haujafikia umri wa kugawanywa, hata kama umejaa kwenye chungu.

Akiba haipotei katika njia hii, ila hugawanywa, na nusu zote mbili huwa dhaifu kwa msimu mmoja au zaidi. Maua nayo huchelewa, kwa sababu mizizi ya okidi huvunjika ikihamishwa, na ile iliyovunjika haikui tena kwa urefu bali hutoa matawi au hufa. Nusu ya nyuma isiyo na chipukizi hutegemea kuamka kwa macho yaliyolala, jambo linaloweza kuchukua miezi.

Ninaipenda sana namna moja ya upole ya kuifanya kazi hii. Mmea ukiwa ungali ndani ya chungu, pitisha wembe safi kwenye shina la chini kati ya kundi la mbele na la nyuma, kisha usiuguse. Kundi la nyuma, likikosa mawasiliano na kilele kinachokua, mara nyingi huamsha jicho lake lenyewe huku mizizi ikiwa bado imeshika makumbi yale yale. Chipukizi likishaonekana na mizizi yake kuanza kutoka, ndipo unatoa mmea na kuzitenganisha sehemu mbili. Hungojei ndani ya giza. Unaona kwanza kwamba kuna uhai, kisha unahamisha.

Kwa afya, mkato wa njia hii ni mmoja lakini uko mahali penye unyevu, chini, karibu na mizizi, na hivyo ndio mkato wenye hatari kubwa kuliko wote. Usiufanye katikati ya masika. Kwa nafasi, njia ya tatu huongeza vyungu badala ya kupunguza, kwa hiyo haimsaidii anayelalamikia msongamano wa baraza, isipokuwa ana ndugu au rafiki wa kumpa sehemu ya pili. Inamfaa mwenye mmea mkubwa uliokufa katikati, wenye mashina hai pande mbili na makavu kati yake, na yule ambaye makumbi ya chungu chake yameoza na kugeuka tope, maana huyo analazimika kuhamisha mmea kwa vyovyote.

Njia ya nne: kukata shina na kuliotesha

Shina hai lisilohitajika linaweza kuoteshwa miche. Likate pingili mbili au tatu kwa kila kipande, acha ncha zikauke kivulini kwa siku moja, kisha vilaze vipande juu ya usumba uliolowekwa na kukamuliwa hadi hautoi tone, ndani ya bakuli lenye mfuniko unaopitisha hewa kidogo, mahali penye joto na mwanga usio wa jua la moja kwa moja. Kipande kilazwe juu, kisifukiwe. Baada ya wiki nyingi, pengine miezi kadhaa, jicho huvimba, hutoa majani mawili madogo, kisha mizizi myeupe mithili ya uzi mnene.

Kwa akiba ya mmea mama, gharama ni ile ile ya njia ya pili, kwa kuwa shina limeondoka. Kwa maua, subira inatakiwa: mche hadi kuchanua ni miaka miwili au mitatu, na wakati mwingine zaidi. Jambo linalowaangusha wengi ni kuchagua shina ambalo macho yake yote yamechanua. Jicho lililotoa ua halitoi mche. Shina la nobile lililochanua kuanzia chini hadi juu halina kitu cha kukupa bakulini, hata liwe bichi namna gani, na afadhali libaki kwenye chungu likiwa ghala. Yanayofaa ni mashina ambayo pingili zake kadhaa hazina kovu.

Kwa afya, bakuli lenye unyevu hupenda ukungu. Kipande kinachobadilika rangi kiondolewe mara moja kabla ya kuambukiza vingine. Kama mmea mama una virusi, miche yote itakuwa navyo, kwa hiyo usiuoteshe mmea wenye michirizi au mabaka usiyoyaelewa. Kwa nafasi, bakuli moja hutosha kwa mwaka wa kwanza. Kwa kazi, ni njia inayotaka kutazamwa kila siku chache.

Inafaa kuongeza kwamba mara nyingine mmea huotesha miche yenyewe juu ya mashina yake. Wenye nobile pwani huliona hili sana. Aina hiyo huhitaji wiki kadhaa za usiku wenye baridi, kama nyuzi 10 hadi 15 za selsiasi, pamoja na maji kidogo na kukosa mbolea, ndipo macho yageuke maua. Lushoto na Limuru huyapata hayo wakati wa kipupwe bila shida, ilhali Tanga, Mombasa na Unguja hayapatikani, hivyo macho hugeuka miche. Mche wa namna hiyo uache kwenye shina la mama hadi mizizi yake ifikie sentimita 3 hadi 5, kisha uukate pamoja na kipande kidogo cha shina. Mwenye nobile pwani asilikate shina lenye miche kwa hasira ya kukosa maua.

Chombo na jeraha, kwa njia zote

Kosa la chombo hufuta faida ya njia yoyote. Virusi vya mozaiki vya simbidiamu, ambavyo licha ya kubeba jina la aina moja ya okidi hushambulia okidi za aina nyingi, huhama kutoka mmea hadi mmea kwa utomvu uliobaki kwenye makali, na hakuna dawa ya kuvitibu. Kupangusa mkasi kwa spiriti huua bakteria na kuvu wengi, lakini hakutegemewi dhidi ya virusi. Njia iliyo salama na ya bei nafuu ni wembe mpya kwa kila mmea, wembe mmoja mmea mmoja, kisha unautupa. Anayetumia mkasi wa kupogolea aupitishe kwenye moto wa gesi hadi kila upande wa makali upate joto kamili, na auache upoe kabla ya kuendelea.

Kata shina karibu na chini, ukiacha kisiki cha kama sentimita 2 ili usilijeruhi shina la chini wala macho ya pingili ya mwanzo. Paka unga wa mdalasini juu ya jeraha peke yake. Ukimwagikia mizizi utaikausha. Usimwagilie kwa siku tatu hivi, na uweke mmea mahali mvua haifiki.

Uamuzi kwa hali yako

Ikiwa mmea wako una mashina matano au pungufu, acha yote, banua maganda makavu, ondoa yaliyokufa, na uelekeze nguvu kwenye mizizi na mwanga. Hali hiyo inafunika, kwa makadirio yangu, mimea mingi inayoletwa kwangu na watu wakiuliza wakate wapi.

Ikiwa una kundi la bigibbum lenye mashina mengi hai, na unachotaka ni maua, kuacha hukulipa kuliko kupunguza; na kama ni nafasi inayokubana, punguza shina moja kwa msimu, lile ambalo limekaa misimu miwili bila kikonyo. Ikiwa una nobile nyanda za juu, kupunguza mashina yaliyochanua kikamilifu ni halali mara tu machipukizi yanapokuwa na mizizi yake, mradi matano yabaki. Ikiwa uko pwani na nobile yako inatoa miche badala ya maua, chukua miche, acha mashina, na labda umpelekee ndugu aliye Lushoto chungu kimoja.

Ikiwa unaishi mahali penye unyevu mkubwa na umewahi kupoteza mmea kwa kuoza, kupunguza kabla masika hayajaanza ni salama kuliko kuacha msongamano, lakini hakikisha jeraha limepata wiki mbili kavu. Ikiwa makumbi yameoza na mmea una mashina manane au zaidi, gawa. Ikiwa una shina moja tu lililovunjika kwa upepo au kwa paka, hilo ndilo la kuotesha bakulini, kwa kuwa halikugharimu kitu zaidi ya kile ulichokwisha kupoteza.

Kwa mwenye Ansellia inayoota kwenye mti wa shamba lake, mashauri yangu ni kuyaacha mashina ya zamani yote. Mizizi yake mingine huchomoza kwenda juu kama miiba na kunasa majani makavu yanayooza na kuulisha mmea, na mashina makongwe ni sehemu ya kikapu hicho. Asikate vipande vya kuuza nje ya nchi pia, kwa kuwa familia nzima ya okidi imo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, na mmea kuvuka mpaka kunahitaji kibali.

Na kwa yule ambaye amebonyeza, amebanua, na bado hajui kama shina liko hai, kuna uzi. Lifunge shina uzi wa rangi chini kabisa, andika tarehe kwenye kipande cha plastiki ukichomeke chunguni, na uweke mkasi chini. Chipukizi likifikia nusu ya kimo chake, libonyeze tena shina hilo mahali pale pale.